Tutawafufua Baadaye

Bulma alianza kuitafuta mipira saba ya joka akiwa na miaka 16, wakati wa likizo ya shule, na alichokusudia kuomba ni mchumba. Aliwahi kufikiria pia kuomba stroberi za kula asizimalize. Pilaf, kijitu chenye kasri na tamaa isiyolingana na kimo chake, alitaka kuitawala dunia. Shenron, joka lenyewe, alipojitokeza angani na kuuliza haja ya aliyemwita, nguruwe Oolong aliwahi kabla Pilaf hajamaliza sentensi, akaomba chupi ya kike. Chupi ikadondoka kutoka juu, joka akatoweka, mipira ikatawanyika pande zote za dunia na kuwa mawe matupu kwa mwaka mzima.

Akira Toriyama aliianza Dragon Ball kwa vichekesho vya namna hiyo. Hadithi ilitoka kwa michoro katika jarida la Shonen Jump kuanzia 1984 hadi 1995, na mwaka 1986 ikaanza kurushwa kama katuni kwenye televisheni ya Japani. Mtazamaji hucheka na kupita, asitambue kwamba ameshaonyeshwa nusu ya sheria za joka. Shenron hutimiza analoambiwa. Hapimi busara ya mwombaji, wala hamuulizi kama ameshauriana na wenzake. Akishatimiza, hapatikani.

Nusu nyingine hujitokeza polepole, kila sheria kwa msiba wake. Shenron aliumbwa na Kami, mlinzi wa Dunia, na uwezo wake haupiti uwezo wa aliyemuumba. Kwa hiyo adui aliyemzidi Kami nguvu haondolewi kwa ombi. Aliyekufa kwa umri kutimia harudishwi. Aliyewahi kufufuliwa na Shenron mara moja, Shenron hamfufui tena. Na Kami akifa, joka naye amekwisha. Ajabu ni kwamba mashujaa wetu wanazijua sheria hizi vizuri, na bado wanaishi kana kwamba ziliwekwa kwa ajili ya watu wengine.

Goku, shujaa mkuu wa hadithi, anapouawa katika pambano na kaka yake Raditz, rafiki zake hawana haraka ya kumrudisha. Wanamwacha akae ahera mwaka mzima afundishwe mapigano na King Kai, kwa sababu wapiganaji wawili hatari wa kabila la Saiyan, Vegeta na Nappa, wako njiani kuja Duniani. Mpango ni mzuri: siku ikikaribia watamwita Shenron, Goku atafufuka na nguvu mpya. Kilichosahaulika ni nauli ya kurudi. King Kai alihesabu siku za mazoezi, asihesabu kwamba Goku lazima aikimbie upya Njia ya Nyoka yote, nayo ndiyo ile ile iliyomtoa jasho wakati wa kwenda. Goku anafufuliwa kwa wakati uliopangwa, lakini yuko mbali, na wenzake wanaanza kufa.

Yamcha anatangulia. Kisha inafika zamu ya Chiaotzu, yule mdogo mwenye uso mweupe, na hapa inafaa kutazama taratibu. Anaruka, anamng'ang'ania Nappa mgongoni, na lile jitu haliwezi kumbandua. Tien, rafiki yake wa kufa na kuzikana, anaelewa kinachokuja, anampigia kelele aache: wewe ulishafufuliwa mara moja, Shenron hawezi kukurudisha tena. Chiaotzu anajua. Anamuaga rafiki yake, anajilipua. Moshi unatawanyika na Nappa amesimama pale pale, mzima. Katika mamia ya vipindi vya mfululizo huu sikumbuki kifo kizito kuliko hicho, na uzito wake wote unatokana na lile neno la Tien. Angekuwa mtu anayeweza kurudishwa wiki ijayo, tungeona mlipuko tu.

Siku hiyo hiyo Piccolo anajitupa mbele ya Gohan, mtoto wa Goku, na kupokea pigo lililokuwa la mtoto. Piccolo na Kami walikuwa mtu mmoja zamani, na uhai wao umefungwa pamoja. Piccolo akakata roho, Kami akatoweka, na mipira saba ikaondoka naye. Hazina waliyokuwa wakiitegemea asubuhi haikuwepo tena, na hakuna aliyekuwa ameiiba.

Ndipo wanakwenda sayari ya Namek, asili ya Kami, penye mipira mikubwa zaidi na joka aitwaye Porunga anayetoa maombi matatu. Huko mwovu aitwaye Frieza ameshaua vijiji vizima ili aombe uhai usiokoma. Anaipata yote saba. Anasimama mbele yake, anaamrisha kwa lugha aliyoizoea ya kuamrisha, na mipira inakaa kimya, maana Porunga huitwa kwa Kinamek na wenye lugha hiyo wengi ameshawaua. Sina la kuongeza kwa Frieza. Mwovu anayejikwaa kwa uovu wake hamfundishi mtu mwema chochote kipya.

Wa kutufundisha ni Piccolo, miaka mingi baadaye, akiwa ameshafufuliwa na kuwa mwenye akili kuliko wote katika kundi lile. Adui mpya, Buu, amekuja hadi hekalu la Kami lililo juu ya mawingu, anataka kupigana papo hapo. Watoto wawili wanaoandaliwa kumkabili, Goten na Trunks, hawajawa tayari, na Piccolo anahitaji muda. Anatafuta cha kumshughulisha yule mgeni. Anachokipata ni hiki: anamkumbusha Buu kwamba Duniani bado kuna watu hajawaua. Buu hashuki hata kuwatafuta. Anatembea ukingoni mwa hekalu, anazunguka, na kutoka pale juu anafyatua miale isiyohesabika inayoinama na kushuka, mmoja kwa kila mtu, katika kila mji na kila njia. Mizunguko michache tu, kazi imekwisha. Piccolo anajifariji kwamba mipira ipo, watafufuliwa.

Huyo si Frieza. Huyo ni mlezi aliyekufa akimkinga mtoto wa mwenzake wakati hapakuwa na uhakika wowote wa kurudi. Kilichobadilika katikati si moyo wake. Mnamek aitwaye Dende alikuwa ameshika nafasi ya Kami na kutengeneza mipira mipya, na maombi yakaongezeka. Kila msiba uliopita ulikuwa umefutwa, na kifo cha watu wengine kikawa kitu cha kukopa leo na kulipa kesho. Ni kama kijana mwenye mjomba tajiri: siku ya kwanza akigonga gari la watu anatetemeka, siku ya tano anampigia mjomba simu kabla hajashuka kuangalia kama kuna aliyeumia.

Toriyama, kusema kweli, aliwaachia mashujaa wake. Muda si mrefu Dunia yenyewe ikapasuliwa na Buu. Goku aliweza kuwanyakua wachache tu, akiwemo Dende, na kuwaacha wanawe mwenyewe, kisha Porunga akaombwa airudishe sayari na kuwafufua wote isipokuwa waovu sana. Wakarudi kweli. Hakuna anayeonekana kumuuliza Piccolo kuhusu ile miale. Dragon Ball GT, katuni ya baadaye iliyorushwa 1996 na 1997, ilijaribu kuleta hesabu: maombi ya zamani yakazaa majoka wabaya, hata ile chupi ya Oolong ikapata joka wake. Mashabiki wengi hawaihesabu GT kuwa ni hadithi halisi, na mimi siigombanii, ila watengenezaji wake ndio peke yao waliothubutu kuuliza nani analipa.

Mwombaji mmoja hata hivyo anastahili kuigwa, na hakuanza vizuri. Miaka kadhaa kabla ya Buu, baada ya adui aitwaye Cell kushindwa, mashujaa wanamwita Shenron hekaluni. Ombi la kwanza, warudishwe wote waliouawa na Cell, linapita. La pili, arudishwe Goku, aliyekufa tena, linakataliwa: alishafufuliwa. Wanafikiria kwenda kwa Porunga, lakini Goku mwenyewe, akisema nao kutoka ahera, anakataa. Maadui wengi wamekuja Duniani kwa sababu yake, anasema, afadhali abaki huko.

Ombi linabaki mikononi, na Krillin, rafiki wa Goku, anajitokeza. Anampenda Namba 18, binti ambaye mwili wake ulibadilishwa na Daktari Gero kuwa silaha, na anaamini kwamba 18 ni mpenzi wa mwenzake, Namba 17. Anaomba wote wawili wafanywe binadamu wa kawaida. Shenron anajibu kwamba hilo limepita uwezo wake. Hapo Krillin angeweza kulalamika. Badala yake anafikiri tena, na safari hii hafikirii angependa 18 awe nani. Anafikiria kinachomtishia. Ndani ya miili ya wale wawili Gero alitega mabomu. Basi, mabomu yaondolewe. Joka anakubali mara moja.

18 alikuwa amejificha kando, amesikia kila kitu. Anatoka na kumfokea: 17 ni pacha wake, na Krillin asidhani kwamba amemfurahisha kwa hilo. Anaondoka zake, japo si bila kuaga. Miaka saba inapita katika hadithi. Tunapomwona Krillin tena amefuga nywele, ana binti aitwaye Marron, na mama wa Marron ni Namba 18. Hilo hakuliomba kwa joka yeyote.