Chuki ya Mtoto ni Dhima ya Nani?



Husikika barazani, Garsen na katika vijiji vya Mto Tana, neno hili: "Mtoto wa watu wale ana chuki ya damu, amezaliwa nayo." Asemaye hivyo ataka kutwambia kuwa mtoto hana la kufunzwa, na mzazi hana la kuulizwa. Sisi twaliona neno hili ni la hatari, na twapenda kulipima kwa elimu.

Wataalamu watwambia kwamba ubongo wa mwanadamu una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Nyingi katika hizo mtoto huzaliwa nazo. Lakini njia ziziunganishazo hufanyika zaidi baada ya kuzaliwa, kwa yale ayaonayo, ayasikiayo na ayatendayo. Chembe zifanyazo kazi pamoja mara kwa mara hushikamana; njia isiyopitwa hudhoofika. Huko ndiko kujifunza, na huko ndiko kukumbuka.

Mfano wake u mbele ya macho yetu. Katika karne ya 19 watu walichimba kwa mikono yao mfereji wa Belezoni, kuunganisha Mto Tana na Mto Ozi. Ulikuwa mwembamba, njia ya mitumbwi. Maji yakaufuata na kuupanua, hata mto ukaiacha njia yake ya kale, na leo Tana yaingia baharini Kipini. Ikiwa jembe liliweza kuugeuza mto, je, neno lisemwalo kila jioni mbele ya mtoto haliwezi kuigeuza akili yake?

Tangu Agosti 2012 Wapokomo na Waorma waliuana katika delta hii, na watu zaidi ya 100 wakafa, wanawake na watoto wakiwamo. Ugomvi haukuwa wa damu. Ulikuwa wa mashamba, malisho, na malka, zile njia za ng'ombe kwendea maji. Aliyekuwa na miaka 6 siku zile sasa ni mtu mzima. Aliyoyaona hakuyachagua. Lakini aliyosimuliwa baadaye yalichaguliwa na wakubwa wake. Nayo elimu yasema kwamba kumbukumbu si maandishi ya jiweni: kila ikumbukwapo yaweza kubadilika kabla ya kuhifadhiwa tena. Basi kila mzee aliyeisimulia habari ile na kuongeza, "Wale ndivyo walivyo," alikuwa akichimba mfereji.

Hapo kijana ataweza kusema: "Kama ni hivyo, mimi sina kosa, nimechimbwa na wengine." Twamjibu: La! Mwaka 2000 wataalamu wa London waliwachunguza madereva wa teksi, watu waliohifadhi njia za mji ule wakiwa wamekwisha kukua. Wakaona kwamba upande mmoja wa sehemu ya ubongo itumikayo kukumbuka njia ni mkubwa kwao kuliko kwa watu wengine, na kadiri miaka ya kazi ilivyozidi, nao ulizidi. Basi mtu mzima bado ana jembe mkononi. Dhima ya mtoto i juu ya wamleao. Dhima ya mtu mzima i juu ya nafsi yake.

Je, twasema wafu wasahauliwe? Hasha. Habari na isimuliwe kwa ukweli, pasipo kulitia kabila zima katika kosa la wauaji. Wala mkutano wa amani wa siku moja hautoshi, kwani akili haifunzwi kwa hotuba moja. Walimu wa vyuo wayajua haya: mwanafunzi asiyeirejea hifadhi yake, humtoka. Na wema pia ni hifadhi. Mtoto wa mkulima na wa mfugaji wakae safu moja darasani, wacheze pamoja, waone sokoni maziwa ya huyu yakinunuliwa na mama wa yule; na iwe hivyo wiki baada ya wiki, si katika majira ya uchaguzi tu.

Ewe mzazi! Mtoto wako atakuuliza, "Wale ni watu gani?" Kabla hujamjibu, tazama wayaelekeza wapi maji. Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zisemazo haki.