Usiku wa Mbina

Watu wakisimulia mbina, mashindano ya ngoma ya Wasukuma, husimulia mchana wake. Watakuambia Bagika walikuwa upande ule wa uwanja na Bagalu upande huu, vumbi lilivyopanda, mchezaji wa Bayeye, wacheza nyoka, alivyojizungushia chatu shingoni, majembe ya ngoma ya bugobogobo yalivyorushwa juu na kudakwa bila mdundo kupotea. Kuhusu usiku husema tu kwamba walilala hukohuko, kisha huendelea na mengine. Mimi naona habari yenyewe iko hapo wanaporuka.

Nimekulia Kahama, na muziki wa uwanjani niliouzoea ni ule wa kwenda na kurudi. Tamasha la Fiesta likija mjini unalipa kiingilio, unaimba mpaka sauti inakauka, usiku wa manane bodaboda wanakugombania getini, asubuhi uko kitandani kwako. Mtu mliyebanana bega kwa bega mkiimba kiitikio kilekile humjui na hutamwona tena. Ni furaha ya kweli, sina neno nayo. Lakini mbina niliyoalikwa kule Kishapu, mwezi Julai, pamba ikiwa imeshavunwa, haikuwa na usafiri wa kurudi. Gari la mwisho liliondoka jioni, ngoma ikiwa ndiyo kwanza imepamba moto. Nikaambiwa nitafute mkeka.

Mashindano haya yana ukali ambao jukwaa la mjini halina. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na ulingo wake, na mshindi huamuliwa na miguu ya watazamaji. Watu wakikuhama wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, hata kama wimbo wako ulikuwa mzuri. Inasimuliwa kwamba yalianza katika karne ya 19 kwa Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na wa dawa, kila mmoja akitaka ijulikane nani zaidi. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Hadi leo manju hutunga nyimbo za kumshusha mpinzani, na kila upande una samba, dawa ya kuvuta watu. Siku ile nilisikia maneno ambayo yakisemwa sokoni yanaleta ngumi. Manju mmoja alimwimba mwenzake kuanzia kipara mpaka ng'ombe aliowauza kulipa madeni, na umati ukacheka naye. Aliyeimbwa alijibu kwa wimbo mkali zaidi.

Kisha jua likazama, na baridi ya Julai ya mbugani ikashuka. Mabua ya pamba huwaka haraka na kuzimika haraka, kwa hiyo kila kikundi kilihangaikia magogo. Hapo nikaona jambo lililonikalisha macho muda mrefu. Kijana wa Bagalu alitoka kwenye moto wao akavuka uwanja mpaka kwa Bagika, akachuchumaa, akaomba makaa. Hakuna aliyeshangaa. Mzee aliyekuwa akiipasha joto ngozi ya ngoma yake, akiigeuza taratibu na kuigonga kwa kidole kusikia kama imekaza, alimsogezea kigae cha chungu chenye makaa, akamwongezea na michembe ya kutafuna. Alikuwa mmoja wa waliomwimba vibaya manju wa kijana yule mchana kutwa.

Wanawake tulilala upande wa mbuyu, mikeka ikigusana. Alikuwepo mama mmoja na binti yake mdogo mwenye ualbino. Bila kikao chochote, wanawake walipanga mikeka kuizunguka ya yule mtoto, kiasi kwamba mtu asingeweza kumfikia bila kutukanyaga sisi sote. Wengine walikuwa wake wa Bagika, wengine wa Bagalu, wengine kama mimi hatukuwa wa upande wowote. Bibi aliyelala kushoto kwangu alinionyesha nafasi akaniambia, "Njoo hapa mwanangu, huo upande uko wazi."

Msomaji wa Shinyanga au Geita hahitaji kuelezwa kwa nini. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa ukanda huu wote wa ziwa. Wapiga ramli waliwaaminisha watu kwamba kiungo cha mwili kitaleta dhahabu kwenye duara au samaki kwenye wavu. Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Watoto walipelekwa kituo cha Buhangija, Shinyanga mjini, wakalala nyuma ya ukuta mbali na mama zao. Na kabla ya hapo, na baada yake, vikongwe wenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, wameuawa wakiitwa wachawi. Mama aliyemlaza binti yake uwanjani, katikati ya watu ambao wengi hakuwafahamu majina, alifanya jambo zito. Nilijiuliza usiku ule, na bado najiuliza, alipata wapi uthubutu.

Sidhani ulitoka kwenye wimbo. Nyimbo nzuri zimeimbwa na watu wabaya, na ngoma haimtakasi mtu. Jibu ninalolikaribia linatokana na yale makaa. Katika mbina mpinzani ndiye anayekuwezesha kuwa mchezaji. Bagika wakiamka wakakuta Bagalu wamegandishwa na baridi, au wamekimbia kwa hofu, hakuna mbina; wamebaki na ngoma zao na uwanja mtupu, bila mtu wa kumshinda. Anayetaka ushindi wa kesho ana sababu ya kuhakikisha mwenzake anapata moto wa leo. Watazamaji nao ni hivyohivyo. Mimi na yule bibi na yule mtoto tulikuwa ndio miguu itakayoamua, na hakuna kikundi kilichotaka mguu hata mmoja upotee.

Ukanda huu una makambi mengine ya kulala nje, na wengi wa vijana waliocheza siku ile wamepita huko. Rashi, yaani mbio za dhahabu, ikitokea porini, kwenye maeneo kama ya Nyarugusu au Rwamgasa, maturubai husimama kwa usiku mmoja. Huko nako kuna moto, kuna nyimbo, kuna ugali unaoliwa pamoja kwenye sufuria moja. Nimeyaona makambi hayo na sitawadharau wanaoishi humo, maana ada za shule na mabati ya nyumba nyingi za Geita yametoka kwenye maduara yale. Lakini mchimbaji hulala juu ya kiroba chake cha mawe. Mwamba ukiisha kwa jirani haurudi kwako, na alichopata yeye hukukipata wewe. Usingizi wa kule ni wa kulinda, jicho moja wazi, mpaka mawe yafike kwenye karasha ya kuyasaga. Kishapu yenyewe ndiyo wilaya ya mgodi wa Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na almasi ni mali inayotaka uzio na walinzi kwa sababu ukigawa inapungua.

Ngoma ikigawanywa inafanyaje? Jawabu jepesi ni kusema inaongezeka, lakini siyo kweli kabisa, maana umati ni uleule na ukienda kwa mwenzako kwako unapungua. Kuna kupoteza katika mbina, na kunauma. Nilimwona manju mtu mzima akikaa chini amefunika uso. Tofauti ni kwamba kilichopotea leo kinaweza kugombaniwa tena kesho, na wa kukigombania nao ni watu walewale walio hai. Maana ya shindano imo ndani ya walioshindana. Haiwezi kutiwa kwenye kiroba ikaondoka.

Ndiyo sababu naona usiku si nyongeza ya tamasha. Mchana kila mtu alikuwa na sehemu yake, mchezaji, manju, mtazamaji. Usiku sehemu hizo zilivuliwa, akabaki mtu anayesikia baridi, anayekoroma, anayetafuta pa kujisaidia gizani na kuomba asindikizwe. Kumwamini mtu aliye katika hali hiyo, na yeye akuamini, ndiko kunakoupa uzito wimbo atakaoimba asubuhi. Tulipoamka na kusalimiana, "Mwangaluka mayu," "Mwangaluka," nilikuwa nawasalimu watu waliokuwa wamenilinda bila kunijua.

Vijana wengine wa Afrika Mashariki wanautafuta usiku wa aina hii kwa njia zao. Tangu mwaka 2015 wanapiga mahema Jinja kwa ajili ya tamasha la muziki la Nyege Nyege, karibu na Mto Nile, na singeli ya Dar es Salaam imesikika kule kwa watu wasioelewa neno lake hata moja. Nawaelewa. Hema wanalolipia lina kitu ambacho tiketi ya kwenda na kurudi haina.

Nyumbani tunaelekea upande mwingine, na hili linanisumbua. Bulabo ya Bujora, tamasha lililokuzwa tangu miaka ya 1950 na padre David Clement kandokando ya sikukuu ya Ekaristi, bado inawakutanisha Bagika na Bagalu kila Juni. Sanjo ya Busiya, huko Negezi, Ukenyenge, inawaleta watu kwenye makazi ya mtemi wa Busiya, ukoo wa Makwaia. Matamasha haya yanakua, na yanapokua huja spika, mahema ya wageni rasmi, hotuba, na mabasi ya kuvirudisha vikundi makwao kabla ya giza. Wanaopanga wanawaza usalama, na usalama ni jambo la kweli. Lakini ningependa bajeti hizo ziwe na fungu la kuni, la maji, la vyoo vyenye taa upande wa wanawake, na la mikeka kwa waliotoka mbali. Basi liwepo kwa anayelitaka. Anayetaka kubaki apewe pa kulala, Bagika na Bagalu wasitenganishwe, na mama mwenye mtoto kama yule aulizwe yeye mwenyewe anataka mkeka wake uwekwe wapi.