Takataka, Zawadi au Amana? Swali la Kimaadili Kuhusu Tishu ya Ubongo Maabarani

Neno kifafa, katika sikio la msemaji wa Kiswahili, lina mwangwi wa kitenzi kufa. Hata hivyo, anayeugua kifafa si maiti wala nusu maiti; ni mtu mwenye jina, kauli na kumbukumbu. Makala haya yanadhamiria kuchunguza swali moja: kipande cha ubongo wa mtu huyo kinapoondolewa na kupelekwa maabarani, kiitweje? Suala hili si la istilahi tu, kwani jina la kitu aghalabu ndilo linaloamua kitakavyotendewa.

Takriban theluthi moja ya wagonjwa wa kifafa hawatulizwi na dawa. Baadhi yao hupasuliwa. Ili kukifikia chanzo cha maradhi kilicho ndani zaidi, daktari hulazimika wakati mwingine kuondoa sehemu ya gamba la nje la ubongo. Sehemu ambayo ingetupwa huwahishwa maabarani katika kiowevu baridi chenye oksijeni, ikakatwa vipande vyembamba kuliko nusu milimita. Seli zake huendelea kutoa ishara za umeme kwa saa nyingi baada ya kutengana na mwenyewe. Mwaka 2017, Taasisi ya Allen mjini Seattle, Marekani, ilitangaza hadharani data za seli hai za aina hii, elimu ambayo ubongo wa panya pekee usingeweza kuitoa.

Wapo wanaoshikilia kwamba kilichokuwa kitupwe ni takataka, na takataka haina mwenyewe. Hoja hii ina kasoro ya wazi: kitu kinachotafutwa kwa haraka na uangalifu wa namna hiyo hakiwezi kuitwa taka kwa dhati. Wengine hukiita zawadi. Istilahi hii ina staha zaidi, lakini nayo ina mtego. Anayetoa zawadi huwa ameachilia, na mpokeaji hadaiwi ila shukrani. Isitoshe, mgonjwa huombwa ridhaa akiwa amechoshwa na maradhi, mbele ya wale wale anaotumaini watamponya. Ukarimu wake ni wa kweli, ila uhuru wake una mipaka.

Kisa cha Henry Molaison kinaufafanua utata huu. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa na William Scoville huko Hartford, Marekani, ili kupunguza kifafa chake. Degedege zilipungua, lakini uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio ulitoweka. Tangu makala ya Scoville na Brenda Milner ya mwaka 1957, ulimwengu wa taaluma ulimjua kwa herufi mbili, H.M., hadi alipofariki mwaka 2008. Mwaka uliofuata, ubongo wake ulikatwa vipande 2,401 mjini San Diego. Herufi hizo zilimsitiri. Wakati huo huo zilimgeuza kuwa mfano, mhusika asiye na sauti katika masimulizi ya wengine. Je, mtu asiyeweza kukumbuka mazungumzo ya muda mfupi uliopita angewezaje kutoa ridhaa inayodumu?

Dhana ya amana inalijibu swali hili vizuri zaidi. Aliyekabidhiwa amana si mmiliki. Hukitumia kitu kwa kadiri ya idhini tu, hukilinda hata mwenyewe asipokuwepo au akisahau, na hutakiwa kutoa hesabu. Mpinzani atasema kwamba amana hurudishwa ilivyokuwa, ilhali tishu iliyokatwakatwa hairudishiki. Pingamizi hili ni zito. Hata hivyo, kinachoweza kurudishwa ni hesabu yenyewe: kueleza kilichojifunzwa, kukataa matumizi ambayo mgonjwa hakuyaridhia, na kuhakikisha kwamba tiba itakayozaliwa humo inawafikia wenye maradhi hayo, wakiwemo maskini.

Waswahili husema, mwenye kovu usidhani kapoa. Jeraha la mgonjwa likishafungwa, maabara haijamaliza deni lake. Jina lake linaweza kufichwa kwa sababu njema. Wajibu kwake haufichiki.