Muuza Dawa Asiyekuuliza Kitu

Dawa siku hizi inaagizwa kama viatu vya mtumba. Picha inawekwa Instagram, chini yake maneno "njoo inboksi", fedha zinatumwa kwa simu, na boda anafika na kifurushi kabla ya magharibi. Njia hii siilaumu. Kuna mgonjwa wa miguu asiyeweza kushuka ngazi, kuna mzee ambaye duka la mtaani kwake halina dawa yake ya moyo, na hao wamepata nafuu ya kweli. Kinachonitia hofu ni ukimya wa biashara yenyewe.

Tazama mazungumzo yanavyokwenda. "Dawa ya magoti ipo?" "Ipo, elfu ishirini pamoja na usafiri." "Namwagizia mama, yuko Korogwe." "Tuma hela, inapanda basi kesho asubuhi." Yameisha. Hakuna aliyeuliza mama ana umri gani, kama ana presha, kama anaugua vidonda vya tumbo, wala anameza dawa gani nyingine. Chukulia kilichotumwa ni diklofenaki, dawa ya maumivu inayojulikana na kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo inaweza kumtoa damu. Mwenye presha inaweza kumpandishia na kuzielemea figo zake. Mtoto ametoa hela yake ya jasho kwa upendo, na upendo huo ukamlaza mama wodini. Muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Amenyamaza tu, na kwa mtu anayeuza dawa kunyamaza ni kosa kamili.

Mfano mwingine wanaume wanaujua, ingawa hawausemi. Sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, ikikutana mwilini na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kuporomoka ghafla mpaka mtu akafa. Swali moja tu la mfamasia, "Unatumia dawa yoyote ya moyo?", linatosha kuokoa roho. Mbaya zaidi, wakaguzi wa nchi nyingi wamekuwa wakiikuta sildenafili imechanganywa kwa siri ndani ya vidonge na unga unaouzwa kwa jina la mitishamba mitupu. Hapo hata mnunuzi mwenye hadhari hana cha kujilinda nacho, kwa sababu hajui anachokimeza.

Marekani walijifunza kwa msiba. Mwaka 2001 kijana wa California, Ryan Haight, alifariki akiwa na miaka 18 baada ya kutumia dawa kali ya maumivu aliyoipata kwa intaneti. Daktari aliyemwandikia hakuwahi kumwona. Sheria iliyobeba jina lake ilipitishwa mwaka 2008, ikataka dawa za kulevya za hospitalini zisiuzwe kwa mtandao bila daktari kumwona mgonjwa ana kwa ana walau mara moja. Uingereza nao, Februari 2025, msimamizi wa maduka ya dawa aliyaambia maduka ya mtandaoni kwamba kwa dawa za kupunguza uzito haitoshi mteja kujaza fomu ya maswali. Uzito wake lazima uthibitishwe kwa njia nyingine, kwa kuonana naye, kwa video au kwa kumbukumbu za daktari wake. Watu walikuwa wakijiandikia uzito wowote ili wapate sindano.

Wewe mwanangu unayeuza dawa kwa simu, nakuambia kama mzazi. Kama huna usajili wa Baraza la Famasi wala mfamasia nyuma yako, acha. Uza nguo, uza vyombo, riziki iko nyingi. Kama unao, basi namba ya usajili iwe ya kwanza kuonekana kwenye ukurasa wako, pamoja na jina la mfamasia na mahali duka lilipo. Dawa ya cheti usiitoe bila cheti, hata mteja akiongeza hela. Umjue pia boda wako. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Ukiifunga kwenye mfuko mweusi ikazungushwa juani kutoka Kariakoo hadi Mbagala, ulichompelekea mgonjwa huenda si dawa tena.

Na siri ya mteja itunze. Watu wengi wanakimbilia simu kwa aibu, na aibu hiyo mara nyingine tumeisababisha sisi wenyewe madukani. Binti anaingia kuulizia P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, mhudumu anapaza sauti mbele ya foleni. Mume wa mtu amekuja na cheti cha kisonono, anachekwa kabla hajalipa. Kesho yake hao hawarudi, wanatafuta mtu asiyeuliza kitu. Mfamasia mwenye staha, anayemvuta mteja pembeni na kumwuliza kwa sauti ya chini, anazuia hatari zaidi kuliko mabango mengi ya onyo. Huko mtandaoni, picha ya mazungumzo ya mgonjwa ikivuja kwa majirani ni khiyana, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Kwa wenye mamlaka nina ombi moja. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2015 duka halali la dawa la mtandaoni hubandika nembo maalumu. Ukiibonyeza inakupeleka kwenye orodha ya serikali, uone kama duka limo kweli. Tupeni na sisi kitu cha namna hiyo, kwa Kiswahili, kinachofunguka kwenye simu ndogo na bando dogo. Mama wa Korogwe hawezi kukagua kiwanda, ila anaweza kubonyeza.

Nawe mnunuzi, kagua ulicholetewa mbele ya boda, kabla hajawasha pikipiki. Vidonge vikija vimekatwa kipande, upande wenye tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo umebaki kwa muuzaji, virudishe. Maandishi yaliyofifia, kasha lililobandikwa upya, bei iliyo nusu ya duka lolote unalolijua, ni sababu za kutosha kukataa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ama ni bandia ama haifikii kiwango. Na muuzaji akianza kukuuliza maswali mengi, usikasirike kwamba anakuchelewesha. Mjibu ukweli wote, hata ule unaokutia haya.

Ukishapokea dawa unayoitilia shaka, au iliyokudhuru, usiitupe jalalani. Nenda kituo cha afya kwanza. Kisha iweke na kasha lake, hifadhi ujumbe mliotumiana na ule wa malipo, uvipeleke Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) au kwa mfamasia wa wilaya yako. Bila vitu hivyo mkaguzi hana pa kuanzia, na ukurasa ule utaendelea kuuza.