Silaha ya Mgeni Katika Nchi ya Dubu

Kila silaha ni jibu la hofu fulani. Mkuki ulikuwa jibu la hofu ya jino na ukucha. Ngao ilikuwa jibu la hofu ya mkuki. Na bunduki ni jibu la hofu nyingi zilizokusanywa mahali pamoja. Kwa hivi, mtu achaguaye silaha hachagui chuma na mti tu. Huchagua vile vile hofu itakayomwongoza, na kiumbe atakayelipa gharama ya hofu hiyo. Watu wengi hudhani kuwa uchaguzi huo ni kazi ya fundi na mfanyabiashara, wala haumhusu mtu anayefikiri juu ya wema na ubaya. Dhana hiyo yafaa kupimwa, na mahali pazuri pa kuipimia ni Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa, ambako dubu wa kahawia wakadiriwa kuwa 30,000 na dubu weusi 100,000, na ambako mtu aweza kutembea siku nyingi asikutane na barabara wala nyumba.

Mtu anayejiandaa kuingia katika nyika ile, kwa kuvua samaki au kwa kutazama milima, hupata habari za kutisha mapema. Huambiwa kuwa dubu dume wa kisiwa cha Kodiak aweza kufikia uzito wa kilo 680. Huambiwa kuwa mnyama huyo, ingawa mwili wake waonekana mzito, hukimbia kwa mwendo wa yapata kilomita 56 kwa saa, yaani mita 30 kwa sekunde 2. Akisha kusikia hayo, miguu yake humpeleka kwenye duka la silaha. Huko, miongoni mwa bunduki nyingi, aghalabu huonyeshwa ile ya wenzo.

Bunduki ya wenzo ni ya zamani, lakini heshima yake haijachakaa. Ile ya Henry ilitokea mwaka 1860, ikafuatwa na Winchester ya mwaka 1873. Kisha fundi stadi, John Moses Browning, akabuni zile za mwaka 1886, 1894 na 1895 zilizoweza kuhimili risasi zenye nguvu zaidi. Chini ya kifyatulio chake pana chuma kilichopindwa mfano wa kitanzi. Mkono ukikisukuma chini, ganda tupu hutupwa nje na risasi mpya huinuliwa. Ukikirudisha juu, risasi huingia chumbani mwake na bunduki huwa tayari. Kazi hiyo yote yaweza kutendeka kitako kikiwa begani na jicho likiwa shabahani. Bunduki yenyewe ni fupi na nyembamba, hainasi upesi vichakani. Wengi huichagua ile itumiayo risasi iitwayo 45-70, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1873: risasi nene, yenye kipenyo cha karibu milimita 11.6, isiyosifiwa kwa kwenda mbali bali kwa kishindo chake karibu. Na kwa kuwa katika nyingi za bunduki hizi risasi hupangwa ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, ncha zake hufanywa bapa, ili ncha ya moja isije ikagonga fataki ya iliyo mbele yake na kuilipua.

Sifa hizo ni za kweli, na mtu hana kosa akizijua. Kosa huanza anapodhani kuwa akisha kuzijua amemaliza kuchagua. Muuzaji humwuliza, "Wataka nguvu kiasi gani?" Hamwulizi, "Una haki gani?" Lakini swali la pili ndilo zito kuliko la kwanza. Waswahili husema, Mgeni njoo mwenyeji apone. Katika mabonde yale mwenyeji ni dubu. Mgeni amekuja kutafuta starehe. Mwenyeji ana chakula chake pale, ana watoto wake na makao yake ya baridi. Je, mgeni asiyealikwa, aliyefika kwa hiari yake, ana haki ya kumwua mwenyeji kwa sababu amekutana naye njiani?

Wako wasemao kuwa ana haki hiyo bila masharti, maana uhai wa mtu mmoja ni mkubwa kuliko uhai wa dubu wote. Wako pia wasemao kuwa hana haki yoyote, maana aliyeingia nyumba ya mwenzake kwa kupenda na ayapokee yatakayompata. Rai zote mbili zina upungufu. Ya kwanza husahau kuwa ukubwa wa uhai wa mtu hauufanyi uhai wa mnyama kuwa si kitu. Ya pili humdai mwanadamu jambo ambalo hapana sheria wala dini iliyowahi kumdai, nalo ni kusimama kimya huku akiraruliwa. Mtu anayeshambuliwa ana haki ya kujitetea. Hilo halina ubishi. Lenye ubishi ni hili: haki hiyo huanza lini? Huanza dubu anapokimbia kumwelekea, au huanza siku nyingi nyuma, mtu anapofunga mizigo yake?

Sheria ya Alaska imelijibu swali hilo kwa busara. Yamruhusu mtu kumwua dubu kwa kutetea uhai wake, lakini kwa masharti. Asiwe amemchokoza mnyama. Asiwe amemvuta kwa uzembe wa kuacha ovyo chakula au takataka. Na njia nyingine ziwezekanazo ziwe zimekwisha kujaribiwa. Tena, akisha kuua, hana faida. Hapana budi aichune ngozi pamoja na kucha zake, aichukue na fuvu, avitoe vyote kwa serikali, na apeleke taarifa ya maandishi kwa muda wa siku 15. Ndani ya masharti haya mna fundisho kubwa la maadili. Dharura iliyotengenezwa na mtu mwenyewe si dharura kamili. Aliyelala na samaki wabichi ndani ya hema lake, kisha akampiga risasi dubu aliyefuata harufu, hakulazimishwa na dubu. Alilazimishwa na uvivu wake wa jioni. Na yule aliyeua kwa haki hana sababu ya kutundika ngozi ukutani, kwa kuwa jambo la dharura halina pambo.

Basi sehemu kubwa ya kujitetea hutendeka pasipo silaha. Hutendeka mtu anapofungia chakula chake ndani ya chombo asichoweza dubu kukivunja. Anapopika mbali na mahali pa kulala. Anapopiga kelele akipita penye vichaka kando ya mto wakati samaki wanapopanda. Anapogeuka na kurudi alikotoka kwa kuona nyayo mbichi za mama na watoto. Mambo haya hayasimuliwi barazani, maana hayana ushujaa wa kusimulia. Lakini ndiyo yanayohesabiwa kwanza katika mizani ya haki.

Liko jambo la pili, nalo huwapita wengi. Silaha isiyotawaliwa haimdhuru mwenye nayo peke yake. Bunduki ya wenzo ina ila moja inayojulikana: mkono uliotetemeka ukikisukuma chuma nusu na kukirudisha kabla hakijafika mwisho, risasi mpya yaweza isipande, au yaweza kukwama. Yule aliyenunua nguvu nyingi dukani, akapiga risasi chache ubaoni kisha akaifunga bunduki ndani ya ala yake, hujikuta ana gogo la kilo 3 mkononi. Na mara nyingine hutokea lililo baya kuliko hilo: risasi hutoka, humpata dubu mahali pasipoua, na mnyama huingia kichakani na maumivu yake. Mpigaji huokoka akaenda zake. Kesho mtu mwingine, asiye na habari, hupita njia ile ile. Huyo ndiye atakayelipa deni la shabaha mbovu. Kununua silaha kubwa kuliko ustadi wa mtu, basi, ni kukopa kwa dhamana ya jirani.

Jambo la tatu ni kama iko njia isiyoua. Njia hiyo iko, na jamaa yake yajulikana katika kila jiko la pwani ya Afrika Mashariki, kwani ni pilipili. Ukali wake hukamuliwa ukatiwa ndani ya kopo la kupulizia, na mtu humpulizia dubu usoni akiwa mita chache tu mbele yake. Mwaka 2008 Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchunguzi wa matukio 83 ya Alaska, ya tangu 1985 hata 2006. Waliona kuwa dawa hiyo ilimzuia dubu wa kahawia mara 92 katika kila 100, na kuwa katika kila watu 100 waliokuwa nayo, 98 hawakujeruhiwa. Mwaka 2012 walichapisha uchunguzi mwingine wa matukio 269 ya watu waliokuwa na bunduki, ya tangu 1883 hata 2009. Humo waliopiga risasi na wasiopiga hawakutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika katika kujeruhiwa kwao.

Ni haki kusema kuwa chunguzi hizo hazikupima hali moja. Wako waliotumia pilipili kwa dubu mdadisi tu, asiye na nia ya vita; na upepo mkali waweza kumrudishia mpulizaji moto wake mwenyewe. Hata hivyo, hesabu hizo zavunja imani iliyokita mizizi, kwamba mwenye bunduki yu salama kwa kuwa ana bunduki. Na pilipili ina fadhila moja ambayo risasi haina: kosa lake husameheka. Dubu aliyepuliziwa bure hukohoa, hulia machozi, kisha hupona. Dubu aliyeuawa bure haombwi radhi.

Habari za Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, zaweza kulifunga fundisho hili. Mwezi wa Novemba 1902 alikwenda kuwinda katika Mississippi. Holt Collier, mwindaji hodari aliyezaliwa utumwani, alimkamata dubu mweusi akamfunga mtini, na Rais akaitwa aje ampige. Roosevelt alikataa, kwa kuwa si uungwana kumpiga aliyefungwa. Magazeti yakasifu, mchoraji Clifford Berryman akachora, na watoto wa dunia nzima wakapata dubu wa kitambaa wa kulala naye. Lakini dubu mwenyewe hakusalimika. Alikuwa amekwisha kuumizwa, na Roosevelt akaamuru auawe kwa kisu. Dunia ilikumbuka kukataa ikasahau kisu. Mwezi wa Aprili 1909 mtu huyo huyo aliteremka Mombasa akiwa, pamoja na silaha nyingine, na bunduki ya wenzo, Winchester ya mwaka 1895, aliyoipenda hasa kwa simba. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika safari ile yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, naye peke yake 296.

Mkono uliokataa na mkono uliopiga ulikuwa mmoja. Hapo ndipo ionekanapo tofauti isiyoandikwa juu ya chuma cha bunduki yoyote. Bunduki ya kuwindia hutafuta. Bunduki ya kujikingia hungoja. Zaweza kuwa bunduki moja, zimetoka kiwanda kimoja, zina risasi za namna moja. Kinachozitenganisha ni nia, na nia haiuzwi dukani. Mtu akienda nyikani na bunduki ya kujikingia huku moyoni akitamani ipate kazi, amekwisha kuwa mwindaji, wala hana ujasiri wa kukiri.

Yawezekana kupingwa kuwa si wote ni wageni. Wako wenyeji wa asili wa Alaska, ambao mito ile ni mashamba yao na samaki wake ni akiba yao ya baridi. Hao hawakuchagua kukutana na dubu kwa starehe, wanaishi naye. Pingamizi hili ni sahihi, nalo halivunji hoja bali laitimiza. Kadiri ulazima wa mtu wa kuwa mahali unavyokuwa mkubwa, ndivyo haki yake ya kujitetea inavyoanza mapema. Na kadiri ulazima unavyokuwa mdogo, ndivyo wajibu wa kujihadhari, kusubiri na kurudi nyuma unavyokuwa mkubwa. Mtalii ana wajibu mkubwa kuliko wote, kwa sababu yeye peke yake angaliweza kubaki kwao.

Basi msafiri achague nini? Kwanza achague njia, saa na mwenendo usioleta vita. Kisha atie pilipili kiunoni, mahali mkono unapofika bila kutafuta. Akiona bado yafaa kuchukua bunduki, aichukue ile awezayo kuitawala, wala si ile imtishayo muuzaji. Na asiondoke mpaka mkono wake umejifunza kuusukuma wenzo hata mwisho pasipo kuamriwa na akili. Akiwa hana muda wa kujifunza hayo, bunduki na ibaki dukani, na huenda safari nayo ikabaki.

Safari ikiisha, wengine humcheka aliyebeba chuma kizito siku nyingi akarudi na risasi zote alizoondoka nazo. Humwona amejisumbua bure. Lakini huyo amerudi mzima, na nyuma yake bonde lina dubu wale wale aliowakuta. Hakuna mgeni awezaye kuaga vizuri zaidi ya hivyo.