Sasa Turudie kwa Kiingereza

Tuseme wewe ni mwigizaji. Umesimama kwa baridi, umeambiwa ndugu yako amepatikana amekufa, na unalia mpaka watu wa kamera wananyamaza. Mwongozaji anasema, "Vizuri. Sasa turudie kwa Kiingereza." Unapangusa uso, unaanza kulia upya.

Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa Y Gwyll, drama ya upelelezi iliyorekodiwa Aberystwyth na vijiji vya karibu, magharibi mwa Wales. Mwaka wa 2013 ilionyeshwa kwa Kiwelisi kwenye S4C. Miezi michache baadaye BBC ikaionyesha kwa Kiingereza, ikiitwa Hinterland. Waigizaji walikuwa wale wale na nyumba zile zile, lakini kila tukio lilichezwa mara mbili. Hadithi ya kwanza iliongozwa na Marc Evans, Mwelisi anayeongea lugha yake.

Kusema ukweli, nilipojua hivyo nilimdharau kidogo. Niliona ni mtu wa kukalia viti viwili. Kama lugha yako unaipenda, si uiache isimame peke yake?

Halafu nikaifuatilia kazi yake. Mwaka wa 1997 alitengeneza House of America, kutoka kwa mchezo wa Ed Thomas, kuhusu familia ya Wales inayoota Marekani. Mwaka wa 2002 akaongoza filamu ya kutisha, My Little Eye, na 2006 akawa Kanada na Snow Cake, akiwaongoza Alan Rickman na Sigourney Weaver. Zote za Kiingereza. Hapo angeweza kuenda zake kabisa, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mwaka wa 2010 akaja na Patagonia, filamu ya Kiwelisi na Kihispania, kwa sababu huko Argentina kuna watu ambao mababu zao walitoka Wales mwaka wa 1865 na bado lugha haijawatoka mdomoni. Kisha ikaja Y Gwyll, ambayo huyo huyo Ed Thomas alikuwa mmoja wa walioibuni.

Je, alikuwa analipa deni? Ndilo swali linaloninyima usingizi. Mtu hachagui lugha anayozaliwa nayo. Atadaiwaje kitu ambacho hakukopa?

Lakini stesheni yenyewe ilikuja na gharama. Serikali ya Uingereza iliahidi Wawelisi chaneli yao, kisha ikageuka. Mwaka wa 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans akatangaza kwamba atafunga kula mpaka afe. Serikali ikarudi nyuma, na S4C ikaingia hewani tarehe 1 Novemba 1982. Kwa hivyo mtu yeyote anayesema "kata!" kwa Kiwelisi leo anasimama mahali ambapo mwingine alikuwa tayari kufia. Sasa mimi naona deni lipo, hata kama hukukopa. Swali ni linalipwaje.

Nilidhani linalipwa kwa kukataa Kiingereza. Siku hizi nafikiri hapana. Sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 538,000 wanaoongea Kiwelisi huko Wales, na drama ni kitu ghali. Kuwa na matoleo mawili kulisaidia kuileta pesa. Ambacho kingekuwa usaliti ni kulifanya lile la Kiwelisi kuwa la mazoezi, taa zikae vibaya, mwigizaji ahifadhi machozi yake kwa lile la pili. Lugha ndogo haihitaji kuonewa huruma. Inadai chozi la kweli, sawa na lile la Kiingereza.

Nayasema haya kwa sababu yananihusu. Karne ya 19, katika baadhi ya shule za Wales, mtoto aliyeongea Kiwelisi alivishwa kipande cha mbao shingoni. Mimi nilivishwa changu Ukambani, darasa la tatu, kwa kumwomba rafiki yangu kifutio kwa Kikamba. Sasa naandika skripti Nairobi, na mwaka jana prodyusa mmoja aliniambia, "Kikamba weka kwa nyanya tu. Watu watacheka." Nikaweka. Watu wakacheka, nami nikalipwa.

Kile kibao nilivishwa na mwalimu. Hiki cha pili nilijivisha mwenyewe, na nikakitolea risiti.

Juzi nilifungua skripti mpya. Kuna wakili anayemwambia dadake kwamba ameuza shamba la baba yao. Nikaiandika kwa Kikamba, kisha kwa Kiingereza, na nikakaa na ile ya Kikamba usiku mzima mpaka ikaniuma. Hakuna mahali pa kucheka. Nimezituma zote mbili kwa prodyusa yule yule. Bado hajajibu.