Wino Mweupe Hauonekani

Msimu wa fulana za hija ukifika, swali la kwanza huwa lilelile: "Shilingi ngapi moja?" La pili: "Si utupunguzie, ni kazi ya Kanisa?"

Haya, tukae chini tuhesabu, kama yule mjenga mnara wa Luka 14:28. Mashine inayochapa moja kwa moja kwenye fulana hula wino kwa mililita. Tuseme lita moja ni shilingi 400,000, basi mililita ni 400. Picha kwenye fulana nyeupe ikila mililita 4, ni 1,600. Fulana nyeusi inataka kwanza dawa, kisha tabaka la wino mweupe chini ya rangi, tuseme mililita 10 zaidi. Hapo wino peke yake ni 5,600, fulana yenyewe bado! Na kuna wino unaomwagwa kusafisha vichwa vya mashine, maana mweupe hutuama na kuziba. Huo haumo kwenye picha, ila kuna mtu ameulipia.

Mtakatifu Thoma wa Akwino (Summa II-II, swali la 77) anafundisha kwamba kununua kitu chini ya thamani yake ni dhuluma, sawa na kukiuza juu ya thamani. Sisi wa Ndungu tunalijua hilo: mnunuzi wa mpunga akija na lumbesa tunalalamika hadi usiku, na ni haki yetu. Halafu sisi haohao tunambana fundi kwa jina la parokia?

Bei ikiwashinda, chagueni fulana nyeupe, au nembo ndogo kifuani.